Kujaribu Maagizo ya Kompyuta ya Kupimia Ziwa

Tuchukulie kwamba kipimo cha kimo cha maji kimesimikwa ufukoni Rubafu, kando ya Ziwa Victoria, nacho hutuma tarakimu kwa redio hadi kwenye kompyuta iliyo mbali. Huko tarakimu hugeuzwa kuwa meta, huchujwa, kisha huhifadhiwa. Kila hatua huongozwa na maagizo yaliyoandikwa, nayo aghalabu hubadilishwa.

Hatari kubwa imo katika kuchuja. Kabla ya mwaka 2020, mtaalamu angaliweza kuagiza kwamba kila kimo kinachozidi meta 13.41 kikataliwe, maana hicho ndicho kilele kilichosomwa Jinja mwaka 1964, nacho kilidumu zaidi ya nusu karne. Agizo hilo lingeonekana la busara. Lakini Mei 2020 maji yalifika 13.42, na Mei 2024 yakafika 13.66. Kompyuta ingalinyamaza wakati uleule mialo ilipokuwa ikifurika.

Hapana budi, basi, maagizo mapya yajaribiwe pembeni kabla ya kuunganishwa na yale yanayotumika. Hulishwa tarakimu ambazo majibu yake yanajulikana, kisha majibu ya zamani na mapya hulinganishwa. Tarakimu za siku za kawaida hazitoshi, kwani karibu kila chujio huzipitisha. Hata kumbukumbu zote za miaka iliyopita zisingalifichua kosa la 13.41, kwa kuwa hazikuwa na kimo kilichozidi hapo. Yafaa ziongezwe tarakimu za kubuni zinazopita kilele chochote kilichopata kuandikwa. Na kipimo kinachotiliwa shaka kitiwe alama, kisifutwe.