Baka Jeupe: Kabla ya Kulipa Jina

Unamwogesha mtoto, unakuta baka jeupe gotini. Jirani atasema ukoma, bibi atasema choa, na duka la dawa watakuuzia tyubu. Usipake kitu kwanza. Mwambie mtoto afumbe macho, mguse kwa unyoya wa pamba, mara ndani ya baka, mara pembeni, aonyeshe kwa kidole palipoguswa. Asipohisi ndani ya baka, mpeleke kituo cha afya wiki hiyohiyo. Huenda ni ukoma, na dawa zake hutolewa bure. Hunywewa miezi 6 au 12. Akihisi, bado mwonyeshe mhudumu, maana ukoma unaoanza hauleti ganzi kila mara.

Baka la ukoma hupauka au huwa jekundu kidogo. Utangotango hutoa magamba membamba kifuani na mgongoni, nao ni fangasi tu. Lakini baka jeupe pe kama maziwa, laini, lisilo na ganzi, mara nyingi ni mbalanga, ambao madaktari huuita vitiligo.

Hapo kinga ya mwili imegeukia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Rangi hutoweka vidoleni, mdomoni, kuzunguka macho, hata kwenye nyusi na kope. Karibu nusu ya wagonjwa huanza kabla ya miaka 20. Panaposuguliwa sana, kama kiunoni chini ya mkanda, au palipochubuka, baka jipya hupenda kuzuka.

Mbalanga hauambukizi. Kuleni sahani moja, laleni kitanda kimoja. Kumtengea mgonjwa kikombe chake ni kumwonea bure.

Msijaribu kusawazisha rangi kwa mkorogo. Baadhi ya mikorogo ina zebaki, ambayo hudhuru figo. Krimu ya steroidi nayo itumike kwa maelekezo ya daktari, kwani ikizidi hukondesha ngozi. Hospitali nyingine zina tiba ya mwanga. Uso huitikia haraka kuliko ncha za vidole, ila hata huko hesabuni miezi. Rangi hurudi kama vidoti kuzunguka vinyweleo, ndiyo maana baka lenye nywele nyeupe huwa kaidi.

Sehemu nyeupe huungua upesi juani: mikono mirefu na kofia pana. Kila mwezi pigeni picha ya baka, sarafu ileile ikiwa kando, mwende nazo kliniki.