Chai na Githeri: Damu Inapungukia Wapi?



Katika vikundi vingi tunavyotembelea, mkutano ukiisha huletwa githeri na chai moto, vyote pamoja. Ni ukarimu, na hata sisi hunywa. Lakini katika vikundi hivyohivyo tunakutana na akina mama wajawazito walioambiwa kliniki kwamba damu ni kidogo, haijafika 11. Nao hushangaa: "Si tunakula maharagwe kila siku?"

Ni kweli. Maharagwe, ndengu, terere na majani ya kunde yana madini ya chuma, na mwili hauwezi kutengeneza damu bila chuma. Shida ni kwamba chuma cha mimea hakiingii mwilini kwa urahisi kama kile cha nyama, maini au omena. Sehemu kubwa hupita tu na kutoka. Chai hukizuia zaidi, na kahawa vilevile. Basi chai ingoje kama saa moja baada ya chakula. Kinachosaidia ni vitamini C: chungwa, pera, au kachumbari ya nyanya na kabeji mbichi, iliwe pamoja na chakula chenyewe. (Juisi ya bitiruti ni nyekundu, lakini wekundu huo si damu. Maharagwe yanaishinda kwa chuma.)

Mama mmoja alituuliza: "Nimesikia pumba pia inazuia chuma. Niache unga wa posho mill?" Usiache, mama. Pumba ina nyuzinyuzi, na hizo hulainisha choo. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, na mjamzito anayemeza vidonge vya chuma anajua vile choo hufunga. Ila ndani ya pumba na maharagwe kuna fitati, ambayo hushika chuma. Dawa yake iko jikoni: loweka maharagwe usiku kucha na umwage maji hayo, uji nao uache uchachuke siku moja au mbili kabla ya kupika. Fitati hupungua, nyuzinyuzi zinabaki.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe chuma. Wetu wa posho mill hauongezwi, kwa hivyo vidonge vya kliniki msiviache, na mvimeze kwa maji, si kwa chai.

Mkutano ujao, wapishi walete githeri na machungwa. Birika libaki jikoni mpaka hesabu za kikundi zimalizike.