Mirathi Isiyoonekana: Akaunti za Simu na Mtandao Baada ya Kifo cha Mwenyewe

UTANGULIZI

Katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mali ya marehemu hapo zamani ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Mzee alipofariki, wanawe waliweza kuhesabu ng'ombe zizini, kukagua kihenge cha ulezi, kupima shamba kwa hatua na kutazama majembe yaliyoegemezwa ukutani. Kama ugomvi ulitokea, ulihusu nani apewe nini. Haukuhusu kama kitu chenyewe kipo au hakipo.

Leo hali imebadilika. Mkulima wa Laela au Matai huuza magunia yake ya mahindi na kulipwa kwa simu. Tangu msimu wa 2022/2023, mbolea ya ruzuku hutolewa kwa wakulima walioandikishwa katika mfumo wa kompyuta, na namba ya mkulima hupelekwa kwa ujumbe wa simu. Fedha za kikoba huweza kuwekwa katika laini ya mweka hazina mmoja. Picha za harusi na za ubatizo, ambazo zamani zilitundikwa ukutani, sasa zimo ndani ya simu. Mwenye simu akifariki ghafla, mali hiyo yote hubaki nyuma ya tarakimu nne ambazo hakuna mwingine azijuaye.

Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa kuwa na maana ya "tupa uchawi". Fasiri hiyo ina funzo kwa jambo hili, kwa sababu mahali ambapo mali hutoweka bila maelezo, shuka za lawama hutandikwa mapema: kaka humshuku mjane, na mjane humshuku shemeji. Makala haya yanakusudia kueleza mali hiyo isiyoonekana hukaa wapi, sheria inasemaje, na ni maandalizi gani mtu anaweza kuyafanya akiwa hai.

1. FEDHA YA SIMU HUKAA WAPI?

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na ikaingia Tanzania mwaka 2008. Watu wengi hudhani kwamba fedha hizo zimo ndani ya simu, au ndani ya kile kipande kidogo cha plastiki kiitwacho laini. Dhana hiyo si sahihi.

Laini hubeba utambulisho wa mteja pamoja na ufunguo wa siri wa kihesabu, ambao kwa huo mtandao wa simu humtambua. Fedha yenyewe ni tarakimu iliyoandikwa katika daftari kuu la kampuni, yaani katika kompyuta zake. Nyuma ya tarakimu hiyo, kampuni hupaswa kuwa na fedha halisi za kiasi kile kile zilizowekwa benki katika akaunti ya amana, kwa ajili ya wateja. Utaratibu huo uliwekewa msingi na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka huo huo.

Kutokana na maelezo hayo tunapata hitimisho tatu. Kwanza, simu ikivunjika au ikizikwa pamoja na mwenyewe, fedha haipotei. Pili, namba ya siri ikisahauliwa au ikifungwa, fedha haipotei pia, kwa kuwa namba hiyo ni mlango mmoja tu, na upo mlango mwingine wa kisheria. Tatu, daftari la kampuni halijui nia ya watu. Fedha ya kikoba iliyowekwa katika laini ya mweka hazina husomeka humo kuwa ni yake binafsi. Akifariki, wanachama ndio watakaolazimika kuthibitisha kwa kumbukumbu zao kwamba fedha ile haikuwa ya marehemu. Kikoba kisicho na daftari la michango kitakuwa katika mashaka makubwa.

2. NAMBA YA SIRI NA HESABU ZA UWEZEKANO

Mara nyingi jambo la kwanza linalofanywa na jamaa ni kujaribu kubahatisha namba ya siri. Hesabu huonyesha kwamba jaribio hilo ni bure.

Namba ya siri yenye tarakimu nne huweza kuandikwa kwa njia 10 × 10 × 10 × 10, yaani njia 10,000. Ikiwa mfumo huruhusu majaribio matatu kabla ya kujifunga, uwezekano wa kuipata kwa kubahatisha ni 3 katika 10,000, yaani asilimia 0.03.

Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba mwenyewe alichagua namba yake bila mpango wowote. Iwapo alitumia mwaka wa kuzaliwa wa mtu fulani, tuseme kati ya 1940 na 2009, namba zinazowezekana ni 70 tu. Uwezekano sasa ni 3 katika 70, yaani zaidi ya asilimia 4. Namba imekuwa dhaifu zaidi ya mara 140. Mwizi hufaidika na udhaifu huo wakati mwenyewe yu hai, na jamaa mwenye tamaa hufaidika nao siku ya msiba.

Lipo pia swali la haki. Mtoto aliyeijua namba ya baba yake akatoa fedha usiku wa matanga, hata kama ni kwa ajili ya sanda na chakula cha waombolezaji, amegusa mali ambayo tangu saa ya kifo imekuwa ya warithi wote na ya wadai wa marehemu. Fedha hiyo ikiulizwa baadaye, naye hana hesabu ya maandishi, wema wake utageuka kuwa shutuma.

3. NJIA YA SHERIA

Kwa kawaida hatua ni hizi. Familia hupata cheti cha kifo, kinachotolewa chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Ukoo hukutana, humpendekeza msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari wa kikao. Maombi hupelekwa mahakamani, na kwa mirathi nyingi za vijijini mahakama hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hatimaye mahakama humteua msimamizi kwa hati, naye ndiye mwenye mamlaka ya kwenda benki na kwenye kampuni ya simu, akiwa na hati hiyo, cheti cha kifo na kitambulisho chake.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza tarehe 1 Mei 2019, umerahisisha jambo moja: laini sasa imefungamana na kitambulisho cha taifa cha mtu mmoja. Zamani laini nyingi zilisajiliwa kwa majina ya watu wengine. Hata hivyo, iwapo mama anatumia laini iliyosajiliwa kwa alama za kidole za mwanawe, sheria itaiona fedha hiyo kuwa ni ya mwana. Kosa kama hilo linafaa kurekebishwa mapema, wakati wote wawili wako hai.

Mikopo iliyochukuliwa kwa simu ni sehemu ya mirathi vile vile. Deni la marehemu hulipwa kutokana na mali aliyoiacha, kabla ya mali hiyo kugawanywa.

Wosia huondoa sehemu kubwa ya utata. Kwa wanaofuata sheria za kimila, Tangazo la mwaka 1963 linataka wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kwa asiyejua kusoma, mashahidi ni wanne, wawili kutoka kila upande. Katika wosia mtu anaweza kutaja kwamba anayo akaunti ya fedha katika kampuni fulani kwa namba fulani ya simu. Lakini asiandike humo namba ya siri hata mara moja. Wosia husomwa mbele ya watu wengi, na siri iliyosomwa mbele ya watu si siri tena.

4. PICHA, BARUA NA KUMBUKUMBU

Si mali yote hupimwa kwa shilingi. Katika sehemu mbalimbali za Ufipa yapo mabaki ya tanuri ndefu za udongo zilizotumiwa kuyeyushia mawe ya chuma. Tanuri hizo huitwa malungu, nazo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe. Wanaakiolojia, akiwemo Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamechunguza kazi hiyo ya chuma katika eneo la Nkasi. Udongo na takataka za chuma zimebaki na huweza kupimwa. Lakini maarifa ambayo fundi hakumwachia mtu yalikwenda naye kaburini, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuyarudisha yote.

Simu ya leo hufanana na tanuri hiyo: umbo hubaki, yaliyomo hufungika. Ujumbe wa WhatsApp, kwa mfano, husimbwa tangu simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Hivyo familia haiwezi kuiomba kampuni nakala ya mazungumzo. Yaliyomo hupatikana katika simu yenyewe au katika nakala aliyoihifadhi marehemu.

Kampuni kadhaa zimeweka njia za kujiandaa. Google, tangu mwaka 2013, humruhusu mteja kuamua kwamba akaunti yake ikikaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18, watu aliowateua, wasiozidi 10, wajulishwe na kupewa sehemu ya kumbukumbu zake, au akaunti ifutwe. Asiyeamua lolote akumbuke kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka miwili huweza kufutwa pamoja na picha zake. Facebook ilianza mwaka 2015 kumruhusu mteja kumteua mtu wa kuutunza ukurasa wake baada ya kifo, ingawa mtu huyo hasomi ujumbe wa faragha. Apple iliweka utaratibu wake mwaka 2021.

Mataifa bado yanajadili haki ya warithi. Nchini Ujerumani, wazazi waliofiwa na binti yao mwaka 2012 walinyimwa nafasi ya kuifungua akaunti yake ya Facebook, ingawa walitaka kuelewa jinsi alivyokufa. Tarehe 12 Julai 2018, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba akaunti hurithiwa kama zinavyorithiwa barua na shajara. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini njia iliyo nyepesi kuliko zote ni mwenyewe kusema mapema anataka nini.

Tahadhari moja ni muhimu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mteja mwingine. Kwa kuwa akaunti nyingi hufunguliwa upya kwa tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe wa simu, mteja huyo mpya huweza kuzipokea. Kwa hiyo familia isiitupe laini ya marehemu, bali msimamizi aorodheshe kwanza akaunti zilizofungamana nayo.

5. KUIGAWA SIRI KWA MSTARI MNYOOFU

Je, mtu anaweza kuacha siri bila kumwamini mtu mmoja peke yake? Mwaka 1979, wanahisabati Adi Shamir na George Blakley, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba inawezekana. Njia ya Shamir hueleweka na mwanafunzi wa sekondari.

Nukta moja haitoshi kuchora mstari mnyoofu. Nukta mbili hutosha. Tuseme siri ni 2741, namba ya kufungulia sanduku la chuma lenye hati za nyumba. Mwenyewe huchagua mteremko wowote, tuseme 318, akaandika:

y = 318x + 2741

Mke hupewa nukta (1, 3059), kaka (2, 3377), na rafiki (3, 3695). Kila mmoja peke yake hawezi kuijua siri. Lakini mke na rafiki wakikutana watapata mteremko: (3695 − 3059) ÷ (3 − 1) = 318. Kisha 3059 − 318 = 2741. Watu wawili wowote kati ya watatu hutosha, na mmoja akifariki au akihama, siri haipotei.

Njia hii nyepesi ina kasoro. Kaka anajua kwamba 3377 = 2m + siri. Kama m ni namba nzima, 2m ni shufwa, basi siri lazima iwe witiri. Amekwisha kuondoa nusu ya namba zote. Wataalamu huondoa kasoro hiyo kwa kutumia masalio ya kugawanya kwa namba tasa, kwa mfano 10,007, ambapo nukta moja haitoboi lolote.

Njia hii isitumiwe kwa namba ya siri ya fedha, ambayo mteja hatakiwi kumpa mtu yeyote. Inafaa kwa sanduku, kwa kompyuta ya nyumbani, au kwa simu yenye picha.

6. DAFTARI LA NYUMBANI

Asiyependa hesabu anaweza kuanza na daftari la kawaida. Aandike namba zake za simu na jina lililosajiliwa kwa kila moja. Akaunti za benki na za simu bila namba za siri. Madeni yake na wanaomdai. Fedha za watu wengine alizoshika, hasa za kikundi. Na anachotaka kifanyike kwa picha na kurasa zake. Daftari litunzwe mahali panapojulikana na watu wawili, na lipitiwe kila mwaka, tuseme baada ya mavuno. Vikundi navyo vifungue akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja.

HITIMISHO

Wazee wengi huona kwamba kuyaandika mambo hayo ni kujiitia kifo. Lakini mkulima wa Ufipa huweka mbegu kabla hajajua mvua itanyesha lini, wala hakuna amshutumuye kuwa anaita ukame. Kuacha maelezo ni kazi ya namna hiyo hiyo. Mjane ajuaye marehemu aliacha nini hahitaji kumshuku mtu, wala hakuna wa kumshuku yeye.

MASWALI

1. Namba ya siri ina tarakimu sita. Kuna njia ngapi za kuiandika? Uwezekano wa kuipata kwa majaribio matatu ni upi?

2. Watu wawili wana nukta (1, 5210) na (3, 6350) za mstari mmoja. Tafuta siri yao.

3. Siri ikitakiwa ifunguliwe na watu watatu, wala si wawili, ni mchoro wa namna gani utakaofaa badala ya mstari mnyoofu? Kwa nini?

4. Mweka hazina wa kikoba amefariki, na fedha za kikundi zimo katika laini yake. Jadilini wanachama wafanye nini, na wangefanya nini kabla.