Adabu ya Kusemezana kwa Redio za Mbali

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kueleza habari za redio za ridhaa, na hasa jinsi watu wanavyopaswa kusemezana kutoka mbali bila kuharibiana mazungumzo. Mimi sina kibali cha kurusha sauti. Ni msikilizaji tu. Kwa muda wa mwaka mmoja, kwa ruhusa ya Mwalimu wetu wa Fizikia, nimekuwa nikisikiliza kwa redio ndogo ya masafa mafupi. Nimeona kwamba kazi hii hujifunzwa kwa masikio kabla ya kujifunzwa kwa mdomo.

Redio ya ridhaa ni nini?

Ni mtambo wa mtu anayesema na wenzake wa nchi nyingine kwa kupenda elimu na urafiki. Hapati mshahara, wala haruhusiwi kufanya biashara hewani. Anayetaka kurusha sauti hapa kwetu huomba kibali kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, naye hupewa alama ya mwito, ambayo ndiyo jina lake hewani. Alama za Tanzania huanza kwa 5H au 5I, za Kenya kwa 5Y au 5Z, na za Uganda kwa 5X. Wakati wa ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3, na Zanzibar VQ1. Kwa hiyo ukisikia mwanzo wa alama tu, umekwisha kujua msemaji yuko nchi gani.

Sauti hufikaje mbali?

Tuchukue mawimbi ya megahezi 14, ambayo urefu wake ni kama mita 20. Mawimbi hayo hupanda hadi ionosfia, yaani tabaka za juu zenye chembe za umeme, mamia ya kilomita kutoka ardhini. Huko hupindwa yakarudi chini mbali sana. Ndiyo sababu mtu wa Musoma, kwa nguvu ya wati 100, sawa na balbu moja ya zamani, aweza kusikika Ulaya, maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Lakini mawimbi hayo yakiruka hivyo, huacha nafasi katikati. Karibu na mtambo husikika, mbali husikika, katikati hayasikiki. Nafasi hiyo twaweza kuiita eneo la ukimya. Kutoka Musoma hadi Nairobi ni zaidi kidogo ya kilomita 300, na mara nyingi katika megahezi 14 miji hii miwili haisikilizani kabisa, ingawa yote miwili yasikika vizuri Roma.

Sasa fikiri jambo hili. Mtu wa Musoma anasema na mtu wa Roma. Mtu wa Nairobi anafungua redio yake katika masafa yale yale wakati Roma amenyamaza kumsikiliza Musoma. Nairobi hasikii kitu. Anadhani pako tupu, anaanza kuita. Kule Roma sauti mbili zinagongana, wala hakuna neno linaloeleweka. Je, mtu wa Nairobi ni mkorofi? Hapana. Ameharakisha tu. Kimya cha kwako si ushahidi kwamba hapana mtu.

Kelele zilizo karibu nasi

Mwingiliano unaotokana na mitambo ya watu huitwa QRM, na kelele za maumbile huitwa QRN. Nilitaka kuzijua kelele za mkoa wetu, basi nilisikiliza mahali patatu. Hapa Musoma, jioni taa za mabweni zinapowashwa na chaja za simu kuchomekwa, redio huvuma kama nyuki. Likizoni nyumbani Bunda, karibu na mafundi wa kuchomelea vyuma, mashine ikiwashwa sauti zote dhaifu hufunikwa. Tulipokwenda Butiama kwa ziara ya masomo, nilisikiliza penye mawe, mbali kidogo na nyaya za umeme, na nilisikia vituo ambavyo Musoma sikuwahi kuvisikia. Tena usiku, radi za Ziwa Victoria hupasua sauti pote patatu, hasa katika masafa ya chini.

Fundisho lake ni hili: mtu asipokujibu, usimdhanie kuwa ana kiburi. Pengine wewe uko Butiama na yeye yuko Bunda karibu na fundi.

Kanuni za adabu

Kwanza, sikiliza kwa muda. Kisha uliza kama masafa yanatumika, utaje alama yako, ungoje, uulize tena. Kwa alama za Morse swali hilo ni QRL na alama ya kuuliza. Laiti mtu wa Nairobi angeuliza, Roma angemjibu mara moja: «Ndiyo, tupo.»

Pili, taja alama yako yote kwa ufasaha. Sheria za redio za kimataifa zinakataza kurusha sauti bila kujitambulisha, na pia kurusha maneno yasiyo na haja.

Tatu, tumia nguvu inayotosha tu. Mwenye mtambo mkubwa asimzime mwenye betri ndogo.

Nne, kituo cha nchi isiyosikika mara nyingi kikitokea, mamia ya watu hukiita pamoja. Hapo msemaji hodari hurusha kwa masafa moja na kusikiliza kwa mengine. Kwa mfano, husema kwa kilohezi 14,195 na kusikiliza kuanzia 14,200 hadi 14,205. Usiite kwa masafa yake mwenyewe, maana utamfunika asisikike na wenzako. Akiita alama isiyofanana na yako, nyamaza.

Tano, usijifanye polisi. Mtu akikosea, wako wanaomkemea kwa kelele juu ya masafa yale yale. Mkosaji alikuwa mmoja, sasa wamekuwa kumi.

Wavuvi wetu wa dagaa wanaijua adabu hii. Mvuvi akiona taa ya mwenzake ziwani, haendi kutupa wavu juu ya wavu wake. Tofauti ni kwamba ziwani taa huonekana, na hewani yapasa kuuliza.

Kwa nini tujali?

Mwezi wa Desemba 2004 kundi la watu wa redio za ridhaa kutoka India lilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman. Walikwenda huko ili visiwa hivyo visikike duniani, na watu wa nchi nyingi walikuwa wakigombea kuzungumza nao. Tarehe 26 mawimbi ya tsunami yalipiga visiwa hivyo, na siku ile ile yakafika hata pwani yetu ya Tanzania na kuua watu. Simu za visiwani zilikatika. Wale watu wakaacha mazungumzo ya kujifurahisha, wakaanza kupeleka India habari za waliookoka na za misaada iliyotakiwa. Siku kama hiyo, mtu mmoja anayeita bila kusikiliza aweza kufuta jina la mtu ambaye mama yake anangoja kujua kama yu hai.

Kwa ajili ya mambo kama hayo kilohezi 14,300 hukumbukwa na watu wa redio za ridhaa duniani kote, na 7,110 katika eneo letu linalounganisha Ulaya na Afrika. Ukisikia habari ya hatari mahali popote, usirushe neno. Andika unayoyasikia pamoja na saa, ungoje mpaka utakapohitajiwa.

Wenzangu wanaopenda Fizikia, msingojee kuwa na mtambo mkubwa. Redio ndogo, waya wa mita kumi uliofungwa mtini, daftari na kalamu vyatosha kuanzia. Andikeni tarehe, saa, masafa na alama mlizosikia. Atakayepata kibali siku moja atakuwa amekwisha kujifunza nusu ya kazi, nayo ni kunyamaza.

73, yaani salamu njema, kwa walimu, wazazi na wanafunzi wote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne