Asiye na Makao Apewe Nini Kwanza?

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hili ni la hekima, wala hatutaki kulibeza. Lamfundisha mwenyeji kuwa mkarimu, nalo lamfundisha mgeni kwamba hapana heshima katika kula jasho la mwenzake. Lakini tukilitazama vema twaona kwamba ndani yake mna jambo ambalo wazee hawakuona haja ya kulitamka, kwa kuwa kwao lilikuwa wazi kama mchana. Mgeni yule, kabla ya kupewa jembe siku ya tatu, alikwisha kupewa mahali pa kulala siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia alime kwanza, ndipo apewe mkeka.

Juma hili twapenda wasomaji wetu, hasa akina baba na akina mama, wautafakari mpango huo: mkeka kwanza, jembe baadaye. Maana katika miji mingi mikubwa ya dunia mpango huo umegeuzwa juu chini, na watu wengi wameumia kwa sababu hiyo.

Tuchukue mfano wa mji wa New York, huko Marekani. Tangu miaka ya 1950 hospitali za wagonjwa wa akili za nchi ile zilikuwa zikipunguza wagonjwa wake, na wengi walitolewa bila kuandaliwa pa kukaa. Kisha, katika miaka ya 1970 na 1980, vyumba vya kupanga vya bei nafuu, ambamo watu wapweke na maskini walikuwa wakijisitiri, vilibomolewa kwa wingi au kugeuzwa kuwa nyumba za wenye fedha. Hivyo wakaonekana barabarani na katika stesheni za treni watu waliolala juu ya maboksi, katikati ya mji wenye utajiri usio na kifani. Mwaka 1981, baada ya kesi kufunguliwa, mji ulikubali kwamba mwanamume asiye na makao akiomba kitanda cha kulala usiku, apewe.

Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kitanda katika bweni la mamia ya watu si nyumba. Na ili mtu apate nyumba, alitakiwa kupanda ngazi. Kwanza alale bwenini na kuonyesha utii. Kisha aache pombe na madawa ya kulevya, akubali matibabu ya akili, akae katika nyumba ya majaribio, ajulikane kuwa ana tabia njema. Akifika kidato cha juu kabisa, ndipo akabidhiwe ufunguo. Akiteleza mahali popote, alirudishwa chini, na mara nyingi chini maana yake ni barabarani. Nyumba ilifanywa kuwa zawadi ya mtu aliyekwisha kupona. Je, nani awezaye kupona ugonjwa wa akili au kiu ya pombe hali analala njiani, anaibiwa viatu usiku, na hana pa kuweka hata dawa aliyoandikiwa na mganga?

Mwaka 1992 mtaalamu wa saikolojia aitwaye Sam Tsemberis, aliyekuwa amefanya kazi miongoni mwa wagonjwa wa namna hii mitaani, alianzisha katika mji huo shirika dogo la hisani lililoitwa Pathways to Housing. Watumishi wa shirika hilo waliwauliza watu wa barabarani wanataka nini kwanza. Jibu lilikuwa nyumba. Basi shirika likaanza na nyumba.

Mpango wao ulikuwa hivi. Shirika lilipanga makao kwa wenye nyumba wa kawaida, mahali mbalimbali mjini, wala halikuwarundika watu wake katika jengo moja, ili waishi kati ya majirani kama mtu mwingine yeyote. Mpangaji alikuwa na masharti mawili makubwa. Kwanza, atoe asilimia 30 ya pato lake kwa ajili ya kodi, hata kama pato hilo ni posho ya ulemavu tu. Pili, akubali kutembelewa na watumishi wa shirika kwa kawaida. Hakulazimishwa kuacha pombe kwanza, wala kumeza dawa kwanza. Lakini hakuachwa peke yake. Kulikuwa na kundi la watu, miongoni mwao daktari wa akili, muuguzi, na wengine ambao wao wenyewe waliwahi kukosa makao, na aliweza kuwaita usiku na mchana. Na ikitokea akapoteza chumba, kundi lile halikumtupa, bali lilimtafutia kingine.

Watu wenye busara walicheka. Walisema chumba kitavunjwa, kodi haitalipwa, majirani watalalamika. Lakini mwaka 2000 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi wa miaka 5, nayo ilionyesha kwamba asilimia 88 ya wapangaji wa shirika lile walibaki katika nyumba zao. Katika mpango wa ngazi wa mji ule ule waliobaki ni asilimia 47.

Nchi ya Kanada nayo ikataka kuupima mpango huo kwa uangalifu zaidi. Kati ya mwaka 2009 na 2013, katika miji 5, watu zaidi ya 2,000 waligawanywa kwa kura: wengine wapewe nyumba kwanza, wengine waendelee na misaada ya kawaida. Ilipotazamwa miezi 6 ya mwisho, asilimia 62 ya wale waliopewa nyumba kwanza walikuwa wamekaa ndani ya nyumba muda wote. Katika kundi la pili ni asilimia 31 tu.

Finland, nchi ya baridi kali, ilikwenda mbali zaidi, ikaufanya mpango huu kuwa siasa ya taifa zima tangu mwaka 2008. Mabweni ya usiku yaligeuzwa kuwa nyumba za kupanga, kila mtu na mlango wake. Mwaka 1987 walihesabiwa huko watu zaidi ya 17,000 wasio na makao. Mwaka 2023 walibaki kama 3,400. Mwaka 2024 hesabu ilipanda tena hadi karibu 3,800, katika mwaka ule ule ambao serikali ilipunguza misaada ya kodi ya nyumba. Hapo twajifunza kwamba kazi ya namna hii haimalizwi mara moja kama kujenga daraja. Hutunzwa kila siku, kama shamba.

Yatupasa tuseme kweli yote. Nyumba haimponyi mlevi. Katika uchunguzi wa Kanada, waliopewa nyumba kwanza hawakuacha ulevi kupita wenzao. Atakayempangia chumba ndugu yake akitumaini kwamba ufunguo utafanya kazi ya muujiza atavunjika moyo kabla ya mwezi kwisha. Faida ya nyumba ni nyingine, nayo ni kubwa: mtu aliye ndani aweza kutafutwa na kupatikana. Mganga anajua wapi pa kumkuta. Mwajiri anajua wapi pa kumwita. Mama yake anajua amelala wapi. Jembe lenyewe, tukimpa, atakuwa na mahali pa kuliweka.

Lakini atauliza mtu: Je, hiyo si kumlipa mvivu ujira wa uvivu wake? Sisi twajibu: mpangaji wa shirika lile alitoa sehemu ya pato lake kila mwezi, naye alitakiwa kufungua mlango kwa wanaomtembelea. Huo ni wajibu, tena wajibu wa mtu mzima. Aliyenyimwa kila kitu mpaka abadilike hana wajibu wowote wa kutimiza ila kungoja. Anayepewa nyumba ana kitu cha kulinda, na mwenye kitu cha kulinda huanza kuhesabu siku zake.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Sisi hatuna posho za Kanada wala hazina ya Finland. Lakini shida tunayo, nasi twaijua sura yake. Katika miji yetu wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 6, au ya mwaka mzima, kabla ya kutoa ufunguo. Kijana abebaye mizigo sokoni aweza kupata fedha ya kulipia kitanda cha leo, na kesho vile vile. Lakini kuikusanya kodi ya miezi 6 hali kila usiku unamla mfukoni, hawezi. Kwa mwaka mzima atakuwa amelipa fedha nyingi kupita mpangaji, naye bado hana mlango. Mjane aliyefukuzwa na wakwe zake yu katika shida ile ile, na kadhalika mtu aliyetoka gerezani, ambaye hakuna mwenye nyumba anayetaka kumdhamini.

Kumkaribisha asiye na makao ni mojawapo ya matendo ya huruma tuliyofundishwa tangu katekisimu. Tusidhani kwamba twalitimiza kwa kumpa mtu sarafu mlangoni na kumwonya juu ya pombe. Jumuiya ya jamaa 15 yaweza kufanya mambo matatu yasiyo makubwa. Kwanza, ichange ile kodi ya mwanzo, na mpangaji airudishe kidogo kidogo kadiri ya pato lake, ili mfuko uweze kumsaidia wa pili. Pili, mtu mmoja mwenye jina jema asimame kuwa mdhamini mbele ya mwenye nyumba. Tatu, na hili ndilo gumu, wachaguliwe wawili wa kumtembelea kila juma, si kwa kumpeleleza, bali kwa kuketi naye, kujua kama amekula, kama ana homa, kama ugomvi umeanza na jirani. Fedha huchangwa siku moja. Kutembelea ni kwa miezi na miaka, na bila hilo chumba kitakuwa kitupu tena.

Tena msitafute mbali. Katika jamaa nyingi yuko mmoja ambaye jina lake halitajwi mezani: ndugu aliyekunywa shamba lake, dada aliyeondoka kwa aibu, mjomba ambaye akili yake ilivurugika. Tumezoea kusema kwamba akijirekebisha mlango u wazi. Wasomaji wapenzi, jioni ya leo mtajeni jina lake, mkaulizane pamoja na watoto wenu: tangu tulipoanza kumngoja ajirekebishe, amelala wapi?