Kuziba Sehemu ya Wengu kwa Mgonjwa Aliyepungukiwa Chembe Sahani

Mkazi wa Kyela anayetokwa na damu puani au kwenye fizi, au mwenye vidoa vyekundu miguuni, hupimwa kwanza malaria, na ndivyo ipasavyo. Malaria hupunguza chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, na huvimbisha wengu, yaani bandama. Lakini malaria isipoonekana, au ikishatibiwa, na chembe hizo zikabaki chini ya 100,000 kwa mikrolita (kawaida ni 150,000 hadi 450,000), yafaa kufikiria ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia chembe zake yenyewe. Katika ugonjwa huu wengu kwa kawaida hauvimbi. Ukipapaswa ukaonekana mkubwa, itafutwe sababu nyingine, kikiwamo kichocho cha tumbo.

Matibabu huanza kwa prednisoloni. Kwa wasiopata nafuu, kwa miaka mingi hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa wengu wote, kwa kuwa humo ndimo chembe nyingi huharibiwa. Hapa mazingira yetu yanadai tahadhari, maana wengu huchuja vimelea vya malaria na bakteria. Ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, utafiti wa watu wazima 33 waliokwisha kuondolewa wengu uliwakuta na vimelea mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kwa mkulima wa mpunga wa Ipinda, hilo si jambo dogo.

Ipo njia ya kati. Daktari hupitisha mrija mwembamba katika ateri ya kinena, akiongozwa na eksirei, hadi kwenye matawi ya ateri ya wengu, kisha huyaziba baadhi kwa vipande vidogo vya sponji ya jelatini. Hulengwa asilimia 50 hadi 70. Sehemu iliyobaki huendelea kulinda mwili. Majaribio ya awali ya kuziba wengu wote yalileta majipu. Mwaka 1979 Spigos na wenzake walieleza uzibaji wa sehemu, pamoja na viuavijasumu. Si tiba ya kwanza, na chembe huweza kushuka tena wengu ukikua.

Homa na maumivu ya ubavu wa kushoto ni ya kawaida siku za mwanzo. Mgonjwa atumie parasetamo, si aspirini wala diklofenaki. Homa ikirejea baada ya kutulia, arudi hospitalini upesi. Chanjo ya nimonia itolewe kabla, na chandarua kisiachwe.

Muhimbili ilianza kufundisha madaktari fani hii ya tiba kwa mirija mwaka 2018. Barua ya rufaa kutoka Kyela itaje majibu ya malaria, ukubwa wa wengu, na dawa zilizokwisha kutumiwa kwa muda gani.