Kisakale cha Mfalme Arthur: Jinsi Masimulizi Yanavyobadilika

Kisakale ni simulizi kuhusu shujaa ambaye jamii huamini aliwahi kuishi. Kila kinaposimuliwa upya, fanani au mwandishi hukirekebisha kulingana na hadhira yake. Tuchunguze mfano wa Arthur wa Uingereza.

(a) Hatua za mabadiliko

(i) Karne ya 9: Kitabu cha Kilatini, Historia Brittonum, kinamtaja Arthur kuwa kiongozi wa vita aliyewashinda Wasaksoni mara 12. Hakimwiti mfalme, wala hakimtaji mkewe.

(ii) Takriban 1138: Geoffrey wa Monmouth anamfanya mfalme mkuu. Mordred, mpwa wake, anamsaliti na kunyakua kiti cha enzi pamoja na malkia.

(iii) 1155: Wace anasimulia kwa Kifaransa na kuongeza Meza ya Duara, ambapo wapiganaji wote huketi sawa.

(iv) Takriban 1180: Chrétien de Troyes anamleta Lancelot, mpenzi wa siri wa malkia.

(v) 1485: Kitabu cha Thomas Malory kinapigwa chapa. Sasa Mordred ni mwana wa Arthur mwenyewe.

(b) Sababu za mabadiliko

(i) Hadhira: Chrétien alimwandikia Marie, bibi mtawala wa Champagne. Katika makasri ya namna hiyo, mapenzi yalipendwa kama vita.

(ii) Masilahi: Abasia ya Glastonbury iliungua mwaka 1184. Mwaka 1191 watawa wake walitangaza kwamba wamepata kaburi la Arthur. Kaburi la shujaa huvuta wageni na sadaka.

(iii) Maadili: Usaliti wa mwana huuma kuliko wa mpwa, hivyo funzo hukolea.

Angalizo: Watahiniwa wengi huandika kwamba "kisakale ni uongo" au "kisakale ni historia". Majibu yote mawili yana kasoro. Kisakale hakituhakikishii shujaa alifanya nini. Hutuonyesha kila kizazi kilitaka shujaa wake awe nani. Ukiulizwa kuhusu mabadiliko, taja kilichobadilika, kisha eleza nani alifaidika.

Maswali ya marudio

1. Eleza mabadiliko mawili ya mhusika Mordred. (alama 4)

2. Fumo Liyongo naye aliuawa na mwanawe. Kwa nini visakale hupenda msaliti atoke nyumbani? (alama 6)